Wakwe Watatu Darajani

Posa yangu iliahirishwa kwa sababu ya sahani. Ninaisema hivyo hivyo bila kuipaka sukari, maana pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa jiji hili la Uchina ninalofanyia biashara, watu walishasambaza habari zao: mchumba ana mke Tabora, mimi nina mtoto niliyemficha, tumeshindwana madhehebu. Hakuna hata moja ya kweli. Mchumba wangu ni wakala wa mizigo anayeshinda bandarini Nansha akisubiri makonteina, mtu mtaratibu ambaye hata nikimgombeza hunijibu kama mteja: mzigo umeshapakiwa, usiwe na wasiwasi. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo za kike, natokea Njombe, na umri wa miaka arobaini ulikuwa umeshanigongea mlango na kuingia ndani. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya posa kunizidi. Mwenye kuizuia alikuwa mama yangu, na mama yangu alikuwa na hoja.

Lazima niieleze hiyo sahani. Mama alikuwa fundi cherehani, na zamani alimshonea mapazia mke wa meneja wa shamba la chai, mama mmoja wa Kiingereza. Yule mama alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia Mama seti nzima ya chai: birika, vikombe, visahani vyake, na sahani moja kubwa ya umbo la yai. Vyote vyeupe, na juu yake picha ya rangi ya buluu. Kuna nyumba yenye paa juu ya paa, mti wenye matawi yanayoning'inia, mwingine wenye matunda makubwa kuliko madirisha, ndege wawili angani, na daraja dogo lenye watu watatu wamefuatana. Kwetu vyombo vile viliitwa vya Kizungu. Vilikaa kwenye kabati la vioo, na ukivigusa bila ruhusa unajitafutia balaa.

Vilitoka siku moja tu ya aina yake: siku ya posa. Dada zangu wote waliposwa juu ya ile sahani. Mama hupanga maandazi juu yake, huwamiminia wakwe chai, halafu maandazi yakipungua huanza kuwasomea picha. "Hawa watatu ni nyinyi," husema. "Wa mbele ni mshenga. Wa katikati ni kijana mwenyewe. Wa nyuma kabeba zawadi. Na hii ni nyumba yangu, mnakuja." Wakwe hucheka, moyo huwatulia, na mazungumzo huanza. Nilikua nikiamini kwamba Waingereza wote huchora posa kwenye sahani zao.

Sasa, wiki chache kabla ya wakwe zangu kuja, wanawake wa jumuiya walisali nyumbani kwetu, wakala, na kwa wema wao wakaosha vyombo. Mmoja akatua sufuria la ugali juu ya sahani ile, ikapasuka. Mama alinipigia simu mimi nikiwa katikati ya kubishania magauni.

"Tumeondokewa," akasema.

Nilidhani ni bibi. Nikakaa chini palepale juu ya furushi la mtu, nikaanza kulia, mwenye duka akaniletea maji ya moto, kama desturi ya huku. Nilipogundua ni sahani nililia zaidi, kwa hasira.

"Mama, wakwe wamekata tiketi ya basi!"

"Waje niwaandalie kwenye nini?"

"Tumia sinia."

"Sinia ni la msibani. Wewe wa mwisho ndiyo nikupokelee wakwe kwenye sinia? Waseme nini, kwamba huyu ni makombo?"

"Basi tumia sahani nyingine yoyote."

"Wewe si uko Uchina? Na ile picha si ya Wachina? Nenda kawaambie wakupe nyingine. Mpaka hapo, wakwe wakae kwao." Akakata simu.

Mchumba wangu akalazimika kumweleza mjomba wake Tabora kwamba safari imesogezwa mbele kwa sababu ya chombo cha kulia. Mjomba aliuliza mara kadhaa kama amesikia vizuri. Kisha akasema atakuja, na atataka kukiona chombo chenyewe.

Mama alinitumia kisahani kimoja cha kikombe kupitia kwa mfanyabiashara mwenzangu aliyekuwa anakuja, kimeviringishwa ndani ya vitenge viwili na soksi. Hapo nilikuwa na uhakika mambo yamekwisha. Sisi watu wa mizigo tunaishi kwa sampuli, au sampo kama tunavyoiita. Unapeleka gauni moja, unapewa mia moja zinazofanana nalo. Na hii ilikuwa sampuli ya kitu cha Kichina, nilichokuwa nakirudisha Uchina.

Nilimchukua rafiki yangu anitafsirie. Ni mwanamke wa Tanga, anasomea udaktari wa falsafa katika mambo ya mifereji ya maji machafu, na anakijua Kichina mpaka cha kugombana. Tukaenda kwenye soko la jumla la vyombo, jengo la ghorofa kadhaa. Mwenye duka la kwanza alikipokea kisahani, akakigeuza, akatamka neno ambalo katika jiji hili nimelisikia kuliko jina langu: "Meiyou." Hakuna.

"Muulize kwa nini hakuna."

Wakasemezana. Rafiki yangu akanigeukia akiwa amebana midomo. "Anasema hivi si vya kwao, shoga. Hivi vya Ulaya. Vya Ulaya viko ghorofa ya juu."

Tukapanda. Ghorofa ya juu palikuwa na mawaridi, malaika wanene, farasi na mikono ya vikombe iliyopakwa dhahabu. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani kichwani, alikitazama kisahani changu kwa huruma akasema kimepitwa na wakati, Ulaya ya siku hizi inataka mawaridi.

Hapo nikapanda mori. "Laoban," nikamwambia, maana bosi yeyote huku humwita hivyo, "tazama paa hili! Tazama kofia hizi! Hii ni Uchina!" Nilikuwa nagonga kisahani kwa kidole. Yule mama akavaa miwani yake, akatazama kwa makini, akajibu kwa upole. Rafiki yangu alicheka kwanza ndipo akatafsiri: "Anasema yeye kazaliwa hapa, na mama yake, na bibi yake. Nyumba ya namna hiyo hajawahi kuiona. Anauliza kama iko kwenu."

Kwenye metro wakati wa kurudi, rafiki yangu alinieleza alichokijua, na alikieleza kwa raha ya mtu aliyechoka kuzungumzia maji machafu. Zamani, akasema, Wazungu walikuja kwa meli mpaka mto wa jiji hili hili kununua vyombo, maana kwao hawakujua kuvitengeneza. Walivipenda mno. Walipojifunza kutengeneza vya kwao, wakachora juu yake Uchina, lakini wachoraji wenyewe hawakuwahi kufika huku. Walichora Uchina ya vichwani mwao.

"Kwa hiyo hii ni ndoto ya Mzungu," nikasema.

"Ndiyo. Mzungu akaiota Uchina, ninyi huko Njombe mkaiita Uzungu, mama yako akaifanya posa. Na wewe umekuja kuwagombeza Wachina kwa nini hawaifahamu."

Nilimwambia anyamaze. Lakini nilikitazama kisahani upya, na nilimwonea huruma huyo mchoraji wa Ulaya, kakaa kwenye baridi lake anaota ng'ambo. Mimi mwenyewe, kabla ya safari yangu ya kwanza, nilikuwa na Uchina yangu kichwani, yenye watu wanaoruka juu ya mapaa. Nilipotua Baiyun nikakuta foleni ya uhamiaji.

Mwishowe tulimpata fundi. Ana karakana pembezoni mwa jiji, mahali ambapo metro inaishia na unapanda basi. Ni mzee kidogo, anachora kwa mkono vyombo vya mahoteli, na mke wake ndiye anayesimamia tanuri. Rafiki yangu alimpa kisahani. Fundi akakisogeza dirishani, kisha mabega yakaanza kutikisika. Akamwita mke wake. Mke akatazama, naye akashika mbavu. Wakawa wanakinyooshea vidole kisahani cha mama yangu kama watu wanaotazama picha za harusi ya adui.

"Wanacheka nini?"

"Kila kitu," rafiki yangu akasema. "Matunda makubwa kuliko madirisha. Daraja linaishia majini. Mke wake anasema hawa ndege ni njiwa walionona, hawawezi kuruka."

Niliumia. Hivyo vyombo nimevipigia magoti mimi, nimevifuta vumbi kila Krismasi. Lakini nilihitaji sahani, na katika biashara ukinuna bei inapanda. Nikaeleza nataka sahani kubwa ya umbo la yai, picha hii hii. Tukavutana kwenye bei, tukaelewana, nami nikawapangia wakwe siku mpya. Na ndipo nikasema lile neno ninalolisema kila mahali, kwa kila fundi, kwa kila gauni na kila zipu, mpaka linatoka lenyewe:

"Mwambie afuate sampo, lakini aifanye nzuri kuliko sampo."

Watu wote wa mizigo husema hivyo. Usipolisema, unaletewa kitambaa cha chandarua. Rafiki yangu akatafsiri neno kwa neno. Fundi akaacha kucheka, akanitazama kwa heshima, akainamisha kichwa. Nilifurahi kwamba nimemuweka sawa.

Siku ya kuchukua mzigo alinipokea kwa mikono miwili. Sahani ilikuwa imefunikwa kitambaa, naye akakifunua polepole. Sijawahi kuona chombo kizuri namna ile. Buluu yake ilikuwa imetulia, weupe wake unang'aa. Mti uliinama vizuri juu ya maji. Matunda yalikuwa na ukubwa wa matunda. Nyumba ilikuwa nyumba ya kweli, mtu angeweza kuingia akalala. Njiwa walikuwa wamekonda wakawa mbayuwayu. Daraja lilitoka mlangoni likafika ng'ambo salama.

Na wakwe watatu walikuwa wanaondoka.

Nilitazama mara ya pili. Walikuwa wameipa nyumba mgongo, wote watatu, wanavuka kwenda zao, wa nyuma na mzigo wake begani.

"Muulize kwa nini kawageuza!"

Fundi alishangaa swali. Alieleza kwa utulivu, akionyesha kwa brashi. Huyu wa nyuma kabeba jembe. Mtu mwenye jembe asubuhi anatoka nyumbani, anakwenda shamba. Mchoraji wa mwanzo alikuwa hajui maisha, kamchora mkulima anaingia sebuleni na jembe. Yeye kalirekebisha kosa.

"Si jembe! Ni zawadi! Hawa ni wakwe!"

Rafiki yangu alitafsiri kwa muda mrefu, naona alikuwa anaeleza habari ya posa tangu mwanzo. Mke wa fundi aliacha tanuri akaja kusikiliza, mkono kifuani. Fundi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema angeweza kuchora nyingine kwa furaha, bure, lakini kuchora, kukausha na kuchoma kungepita siku ya wageni. Nilitaka kugomba, nikakosa wa kumgombeza. Mtu kafanya nilichomwagiza, kafanya nzuri kuliko sampo.

Mfanyabiashara mmoja wa Makambako alikuwa anasafiri, akaibeba sahani mapajani kutoka Baiyun mpaka nyumbani kwetu, akikataa chakula ndani ya ndege ili asiitikise. Mama alipoifungua, nilikuwa kwenye simu ya picha. Uso wake ulichanua. Akaisogeza karibu, akaipapasa ukingoni, akasema fundi huyu abarikiwe. Kisha kidole chake kikafika darajani kikasimama.

"Mbona wanaondoka?"

Nikamweleza habari ya jembe. Mama hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa na ile sahani mapajani, akasema taratibu kwamba huwezi kuwawekea watu mbele yao picha ya kufukuzwa kwao. Nikaona posa inaahirishwa tena. Nikaona miaka inapita, mimi na mchumba wangu tunazeeka Xiaobei tukisubiri mzigo kutoka tanurini. Nikamwambia Mama kwamba nampenda huyu mtu, na kama ni lazima wakwe wale maandazi kwenye gazeti, wale.

Akanitazama. "Nitayapanga mpaka ukingoni," akasema. "Hakuna atakayeona daraja."

Siku yenyewe, kwetu ilikuwa asubuhi, huku alasiri. Mimi na mchumba tulikaa kwenye mgahawa wa Mtaa wa Dengfeng, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya pilipili, rafiki yangu wa Tanga katikati akidai naye ana haki, yeye ndiye aliyetafsiri. Kule nyumbani dada yangu alikuwa ameiweka simu yake juu ya kabati, kwa hiyo tuliona meza nzima. Wakwe walikuwa wameketi, mjomba na shangazi wa Tabora mbele. Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu, alikuwa amevaa koti la suti na uso wa hakimu. Alikuwa ametuambia mapema mpango wake: leo hajibu kitu. Atawasikiliza, atakuna kidevu, atasema tutawatumia jibu, na awaache wasote kidogo, ili siku ya kuzungumza mahari waje wamelainika.

Katikati ya meza palikuwa na mlima wa maandazi. Sahani haikuonekana hata kidogo.

Mjomba wa Tabora alichukua andazi la kwanza kabla sala haijapoa. Akachukua la pili. Alikula bila pupa, kwa utaratibu wa mtu anayechimba kisima, na kila alipochukua moja alichungulia kilichokuwa chini yake.

"Anatafuta picha," mchumba wangu akanong'ona. "Nilimwambia kuna picha."

"Kwa nini ulimwambia?"

"Aliuliza."

Ukatokea mti. Wakatokea mbayuwayu. Mama akaleta maandazi mengine haraka, akayamwaga juu, na mjomba akamshukuru kwa dhati akaendelea. Baba mdogo alikuwa anahutubia habari za ukoo, hakuna aliyemsikiliza. Mama alikuwa hatazami kitu kingine ila ule mkono wa mjomba. Nilimshika mchumba wangu kwa kucha mpaka akalalamika. Likatokea paa. Mama akageukia jikoni, akarudi mikono mitupu. Maandazi yalikuwa yamekwisha.

Mjomba akaondoa andazi la juu ya daraja, akalitia mdomoni, akainama. Akavuta sahani karibu. Hata Baba mdogo akaacha kuhutubia.

"Mama," mjomba akasema, "nimeambiwa hawa watatu ni sisi."

"Ni nyinyi," Mama akajibu.

"Naona wameipa nyumba mgongo. Wanakwenda wapi?"

Nilifumba macho. Rafiki yangu akasema "Wallahi" kwa sauti ndogo. Nikasikia Mama akivuta pumzi, na alipoongea ilikuwa sauti yake ile ile ya kuwapimia watu nguo, isiyotaka mjadala.

"Wanarudi kwao," akasema. "Wameshafika, wamekula, wanapeleka jibu."

"Jibu gani, mama?"

"Tazama wanavyotembea. Watu walionyimwa wanatembea hivyo? Wamekubaliwa."

Mkono ukamwenda mdomoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka. "Shemeji!" Baba mdogo akapiga kelele, akasimama, koti likakwama kwenye kiti. "Shemeji, jibu tulikuwa hatujalitoa!" Hakuna aliyemsikia. Shangazi wa Tabora alishapiga kigelegele, dada zangu wakamjibu kutoka jikoni, na mjomba alikuwa amesimama anampa Mama mkono kwa mikono miwili huku makombo yakimdondoka kifuani. Baba mdogo alikaa tena, akashika kichwa, kisha kwa kuwa hakuwa na la kufanya akaanza kupiga makofi.

Mchumba wangu alikuwa ameganda na kijiko hewani. "Imetoka?" akaniuliza, kama anavyouliza bandarini.

"Imetoka," nikamwambia, na nikaanza kulia mbele ya mwenye mgahawa na wateja wake wote.

Baadaye kidogo Mama aliichukua simu kutoka juu ya kabati, akaenda nayo uani peke yake. Alikuwa bado na aproni. Nikasubiri anigombeze kwa ajili ya fundi, jembe, na mjomba mwenye njaa.

"Wale dada zako niliwasomea wakwe wanaokuja," akasema. "Siku zote wanakuja tu. Sikutaka kufikiria kwamba wakija wanaondoka na mtu." Akajifuta uso kwa ncha ya aproni. "Nawe ndiye wa mwisho. Haya, mwanangu. Nenda."

Katika maisha yangu yote nimebishana na mama yangu kila siku tuliyoongea. Siku ile nilimwambia ndiyo, Mama.